Serikali mbili au tatu? Ulinganisho kwa atakayepiga kura ya Katiba mpya

Mjadala wa Katiba mpya Tanzania, popote unapoanzia, haukawii kufika kwenye muundo wa Muungano. Ukishafika hapo, hoja hukaa pembeni na vyama huingia ulingoni. Anayetaja serikali tatu huulizwa kama ni mpinzani. Anayetetea mbili huambiwa ametumwa na CCM. Wananchi walio wengi, ambao ndio watakaopiga kura ya maoni siku ikifika, wanabaki kutazama kana kwamba jambo lenyewe haliwahusu. Linawahusu sana. Ni suala la nani anakutoza kodi, nani anaitumia, na ukiwa na malalamiko umshike nani shati.

Nina msimamo wangu na nitausema bila kuzunguka. Lakini kwanza naiweka miundo hii sambamba, kila mmoja na faida zake na gharama zake, kwa sababu nimeona watu wengi wenye akili timamu wakichagua muundo wa nchi kwa kuangalia rangi ya bendera ya chama, na hilo linaniuma.

Hoja iliyozaliwa ndani ya CCM

Kuna jambo linasahaulika kila mara. Wazo la serikali tatu halikuletwa na upinzani. Januari 1984, Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu Mwenyekiti wa CCM, alilazimika kujiuzulu baada ya kubainika kwamba alikuwa akiandaa hoja ya kubadili muundo wa Muungano kuwa wa serikali tatu. Wakati huo hakukuwa na chama kingine chochote kilichoruhusiwa kisheria. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa 1991 na ambayo ndiyo iliyotupa mfumo wa vyama vingi, ilipendekeza pia serikali tatu. Mwaka 1993 wabunge 55, wote wa CCM kwa kuwa Bunge zima lilikuwa la CCM, walipeleka hoja ya kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Hao ndio G55. Kilichowachochea ni Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, ilhali mambo ya nje ni ya Muungano. Wakauliza: kama mwenzetu anaweza kujifanyia yake, sisi yetu yanafanyiwa wapi? Mwalimu Nyerere, ambaye alikwishastaafu, aliipinga hoja hiyo kwa nguvu zake zote na chama kikaizima.

Ikaja Tume ya Jaji Robert Kisanga mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo ikaelekea kwenye tatu, na Rais Mkapa akalikataa pendekezo. Ikaja Tume ya Jaji Joseph Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990 na mwana-CCM wa siku zote. Rasimu yake ya pili, iliyokabidhiwa 30 Desemba 2013, ikasema yale yale. Tume tatu zilizoundwa na marais wa CCM, zote zikiongozwa na majaji, katika muda wa zaidi ya miaka ishirini, zimefika mahali pamoja. Unaweza kulikataa pendekezo lao, na sababu za kulikataa zipo, lakini huwezi kusema kwa haki kwamba ni njama ya upinzani.

Limegeuka suala la vyama kwelikweli mwaka 2014, kwenye Bunge Maalum la Katiba Dodoma. Wiki kadhaa zilipotea kubishania kura iwe ya siri au ya wazi, na kila mtu alijua kwa nini: kulikuwa na wajumbe ambao moyo ulikuwa kwingine na kadi ya chama kwingine. Tarehe 16 Aprili vyama vya upinzani, vikiwa chini ya mwavuli wa UKAWA, vikatoka nje. Waliobaki wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba, ikiwa na serikali mbili. Kura ya maoni ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na haijafanyika. Kikosi Kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala kilipendekeza mwaka 2022 mchakato ufufuliwe. Rais Samia, ambaye mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge lile lile, aliahidi kwenye kampeni za 2025 kuuanzisha upya. Baada ya yale yaliyotokea siku ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, na watu waliopoteza maisha, sioni namna mazungumzo haya yanavyoweza kuendelea kuwekwa kiporo.

Kila muundo unavyofanya kazi

Wa sasa ni wa serikali mbili. Serikali ya Jamhuri ya Muungano inashughulikia mambo ya Muungano kwa nchi nzima, na hapo hapo inashughulikia mambo yote ya Tanzania Bara. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inashughulikia mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano. Hati za Muungano za 1964 ziliorodhesha mambo 11. Leo orodha iliyo kwenye nyongeza ya Katiba ya 1977 ina mambo 22.

Rasimu ya Warioba ilitaka serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar, na ya Shirikisho. Mambo ya Muungano yangebaki saba: Katiba na mamlaka ya Jamhuri, ulinzi na usalama, uraia na uhamiaji, sarafu na Benki Kuu, mambo ya nje, usajili wa vyama vya siasa, na ushuru wa bidhaa pamoja na mapato yasiyo ya kodi yatokanayo na mambo hayo. Bunge la Muungano lingekuwa na wabunge 75 tu na mawaziri wasiozidi 15.

Katikati ipo Katiba Inayopendekezwa: serikali mbili zilizofanyiwa marekebisho, ambapo Rais wa Zanzibar angekuwa Makamu wa Pili wa Rais wa Muungano na Waziri Mkuu angekuwa Makamu wa Tatu.

Ipo pia serikali moja, na upo Muungano wa mkataba. Nitavigusa mbele kwa ufupi, kwa kuwa vyote viwili havijawahi kuwa na uungwaji mkono wa pande zote mbili.

Mtu wa Bara anakwenda wapi?

Hapa ndipo muundo wa sasa unapopwaya zaidi. Kilimo si jambo la Muungano. Afya si jambo la Muungano. Elimu ya msingi na sekondari, maji, ardhi, barabara za wilayani, serikali za mitaa, vyote si vya Muungano. Kwa Zanzibar, mambo hayo yanaamuliwa na Baraza la Wawakilishi, na mbunge wa Mbinga au wa Bariadi hana neno humo. Ni sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa.

Sasa geuza upande. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ya Bara inapofika bungeni Dodoma, wabunge kutoka majimbo 50 ya Zanzibar, na wale watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi, wanaijadili na kuipigia kura kama wengine. Tumewahi kuwa na mawaziri kutoka Zanzibar wanaosimamia ujenzi na maji ya Bara. Wengine walifanya kazi nzuri sana, wala hoja yangu si mtu anakotoka. Hoja ni kwamba mkulima wa korosho wa Newala anaweza kuamuliwa bei na ushuru wake na kura ya mtu ambaye wapiga kura wake hawaguswi na uamuzi huo, na ambao yeye wa Newala hana namna ya kuwaamulia chochote. Wanaotetea serikali mbili wanasema hiyo ndiyo maana ya kuwa nchi moja. Ingekuwa hoja nzito kama ingekwenda pande zote mbili.

Uingereza wana tatizo linalofanana na hili. Bunge la Scotland lilipoanza kazi 1999, England ilibaki bila bunge lake, na wabunge wa Scotland walioko London wakaendelea kupigia kura mambo ya England. Mwaka 2015 wakatunga utaratibu wa kuwapa wabunge wa England kura ya turufu kwenye miswada inayohusu England peke yake. Ulikuwa mgumu kuuendesha, na mwaka 2021 ukafutwa. Nautaja kwa sababu ndiyo njia pekee ninayoiona ya kuwatendea haki watu wa Bara bila kuunda serikali ya tatu: kanuni ya Bunge inayosema kwamba jambo lisilo la Muungano linaamuliwa na wabunge wa Bara peke yao. Katiba Inayopendekezwa haikuwa na kitu cha namna hiyo. Ilitafuta kumridhisha Mzanzibari kwa kumrudishia rais wake nafasi ya umakamu, na mtu wa Bara ikamwacha pale pale alipokuwa.

Kwa kipengele hiki tatu zinashinda, tena kwa mbali.

Fedha

Kipengele hiki kinaegemea upande mwingine, na wanaotaka serikali tatu wanapaswa kukikabili uso kwa uso badala ya kukipita mbio.

Rais Kikwete alipohutubia Bunge Maalum tarehe 21 Machi 2014, siku tatu baada ya Jaji Warioba kuwasilisha rasimu, hoja yake nzito kuliko zote ilikuwa hii: Serikali ya Muungano itakula nini? Kodi ya mapato itakuwa ya washirika. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) itakuwa ya washirika. Muungano utabaki na ushuru wa bidhaa na ada za hapa na pale, na ukipungukiwa utakwenda kuomba Tanganyika na Zanzibar. Alionya juu ya jeshi lisilolipwa mishahara. Tume ilijibu kwamba ushuru wa bidhaa ungetosha kwa kuwa Serikali yenyewe ingekuwa ndogo.

Wapo waliomshutumu Kikwete kwa kuwatisha watu. Mimi naona alikuwa na hoja ya kweli, na historia iko upande wake. Marekani ilianza na muungano wa aina hiyo hiyo: kati ya 1781 na 1789 Bunge lake la pamoja halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi, lilikuwa likiziandikia majimbo kuomba michango. Juni 1783 askari waliokuwa wakidai mishahara yao walilizingira jengo la Bunge mjini Philadelphia, na wabunge wakahama mji. Ndipo wakaandika Katiba mpya iliyoipa serikali ya juu kodi zake yenyewe. Serbia na Montenegro, waliounda muungano mwepesi mwaka 2003 wenye serikali ya juu isiyo na nguvu, walidumu miaka mitatu tu. Montenegro ikapiga kura ya kuondoka Mei 2006. Senegal na Gambia walianza shirikisho 1982, likafa 1989.

Kwa hiyo serikali tatu kama zilivyoandikwa kwenye rasimu zina tundu. Lakini linazibika. Ushuru wa forodha ungeweza kubaki wa Muungano, maana kwa vyovyote vile tangu Januari 2005 tuko kwenye Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki na viwango vya bidhaa kutoka nje vinapangwa kwa pamoja. Hakuna mshirika anayepoteza uhuru mkubwa kwa kuuacha juu. Ukiongeza forodha kwenye ushuru wa bidhaa, unapata serikali inayojilisha.

Na je, serikali mbili zenyewe zimelimaliza suala la fedha? Hapana. Ibara ya 133 ya Katiba ya 1977 inaagiza iwepo Akaunti ya Fedha ya Pamoja, ambamo pande mbili zingeweka michango yao kwa ajili ya shughuli za Muungano. Ibara ya 134 inaunda Tume ya Pamoja ya Fedha ya kusimamia hesabu hizo. Tume ilichelewa mpaka 2003 kuanza kazi, na akaunti imekuwa kwenye orodha ya kero za Muungano miaka nenda rudi. Badala ya kanuni, tumeishi kwa makubaliano ya mezani, kama ile asilimia 4.5 ya misaada ya kibajeti inayokwenda Zanzibar. Wazanzibari wanasema ni ndogo kwa kuwa wao ni mshirika na si mkoa. Watu wa Bara wanataja sensa ya 2022: Zanzibar watu 1,889,773 kati ya 61,741,120, yaani karibu asilimia tatu, na wanaona wanatoa zaidi ya haki. Wote wawili hawana kitabu cha hesabu cha kufungua mezani, kwa sababu hakuna anayejua Muungano unagharimu kiasi gani na Bara peke yake inagharimu kiasi gani. Vimechanganywa kwenye mfuko mmoja. Hilo ni zao la muundo wenyewe: serikali moja ikivaa kofia mbili, haiwezi kujidai deni yenyewe.

Kuna sehemu ya fedha inayomgusa mtu wa kawaida kuliko hizi zote. Abiria anashuka boti kutoka Unguja kwenye bandari ya Dar es Salaam akiwa na televisheni mpya ndani ya boksi. Anaitwa pembeni. Risiti inaombwa, thamani inakadiriwa upya, anatajiwa tofauti ya kodi ya kulipa. Anaapa kwamba ililipiwa ushuru ilipoingia Zanzibar. Anaambiwa viwango ni tofauti. Foleni inamsubiri nyuma yake. Amesafiri ndani ya nchi yake mwenyewe na amepokewa kama mtu aliyetoka ng'ambo.

Nasema kwa uwazi kwamba serikali tatu hazitalimaliza hilo. Leo VAT ya Zanzibar ni asilimia 15 na ya Bara ni 18. Tanganyika na Zanzibar zenye mamlaka kamili ya kodi zinaweza kuachana zaidi. Dawa yake ni kulinganisha viwango na mifumo ya uthaminishaji, na hiyo inaweza kufanywa kesho asubuhi chini ya muundo wowote. Yeyote anayekuuzia serikali tatu kwa kukuahidi kwamba hutasimamishwa tena bandarini anakudanganya.

Zanzibar inapata nini

Mzanzibari ana malalamiko ya aina yake. Mwaka 1964 mambo yaliyokabidhiwa Muungano yalikuwa 11. Leo ni 22, na hakuna siku Mzanzibari wa kawaida aliulizwa. Hadi mageuzi ya katikati ya miaka ya 1990, Rais wa Zanzibar alikuwa na nafasi ya umakamu wa Rais wa Muungano kwa wadhifa wake. Ulipoingia utaratibu wa mgombea mwenza, nafasi hiyo ikamtoka, akabaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri. Kiongozi wa nchi mshirika akakaa meza moja na mawaziri walioteuliwa.

Zanzibar haikungoja Katiba mpya kujirudishia heshima. Mabadiliko ya Kumi ya Katiba yake, 2010, yalitamka kwamba Zanzibar ni nchi na yakaweka masharti ya kura ya maoni kwa vifungu nyeti. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa amesema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na Visiwani kukachafuka. Sasa tuna katiba mbili zinazogongana kwenye ukurasa wa kwanza: ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja, ya Zanzibar inasema Zanzibar ni nchi. Bandari imo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, lakini Zanzibar ina Shirika lake la Bandari. Mafuta na gesi yalikuwa ya Muungano, na tangu 2016 Zanzibar ina sheria yake ya utafutaji. Kiutendaji tumekwisha kusogea kuelekea tatu, na kilichobaki bila jina ni Tanganyika.

Anayetaka mbili ana jibu hapa, na si dogo. Kulegeza huku kumefanyika kwa mazungumzo, jambo moja moja, bila kuvunja chochote, kupitia kamati ya pamoja iliyo chini ya Makamu wa Rais tangu 2006. Nyerere alieleza mapema kwa nini hakutaka serikali moja: Zanzibar ya 1964, yenye watu laki tatu na kidogo, ingeonekana imemezwa. Na hakutaka tatu kwa sababu Tanganyika ingebeba gharama ya serikali mbili kwa wakati mmoja. Mbili zilikuwa suluhu ya mazingira yale, na zimetufikisha zaidi ya miaka sitini. Miungano mingi ya Afrika ya kizazi kile haikufika popote.

Lakini Mzanzibari anayepima atakumbuka pia kwamba kinachotolewa kwa hisani kinaweza kurudishwa. Chini ya Shirikisho, mamlaka yake yangeandikwa kwenye Katiba iliyopigiwa kura na pande zote.

Hofu ya kuvunjika

Hii ndiyo hoja inayorudiwa zaidi majukwaani: serikali tatu ni njia ya kuuvunja Muungano polepole. Wasiwasi wenyewe una mantiki. Ukiunda Serikali ya Tanganyika yenye karibu watu wote na karibu uchumi wote, Rais wa Tanganyika atakuwa na nguvu kuliko Rais wa Muungano. Wakigombana, jeshi liko kwa mmoja na fedha ziko kwa mwingine. Sijasikia jibu kamili la hili kutoka kwa watetezi wa tatu. Kuuachia Muungano forodha kunapunguza hatari, hakuiondoi.

Ila mbili nazo zina njia yao ya kuvunja, nayo ni manung'uniko yasiyo na mahali pa kwenda. Jaji Warioba aliliambia Bunge Maalum kwamba, kati ya waliozungumzia muundo, Bara asilimia 61 walitaka serikali tatu, na Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Kikwete akajibu kwamba waliouzungumzia muundo walikuwa asilimia 13.6 tu ya wote waliotoa maoni, hivyo wengi hawakuona shida. Wote wawili walikuwa wakisoma takwimu zile zile. Kwangu mimi, mtu anayeacha kazi zake akasimama mbele ya Tume kuzungumzia Muungano ndiye anayestahili kusikilizwa juu ya Muungano. Aliyekwenda kuzungumzia maji hakusema kwamba Muungano uko sawa, alizungumzia maji.

Mkataba na serikali moja

Mkataba, ambao Maalim Seif Sharif Hamad na wengi Visiwani waliupigania, unaipa Zanzibar mamlaka kamili na kuacha ushirikiano kama wa mataifa mawili. Unavutia kwa uwazi wake. Ugumu ni kwamba mamia ya maelfu ya watu wameoana, wamejenga na wanafanya biashara ng'ambo ya pili wakiwa raia wa nchi moja, na mkataba unaweza kufutwa na upande mmoja. Serikali moja haina haja ya maelezo marefu: Zanzibar haitaikubali, na bila Zanzibar hakuna Muungano.

Nani achague upi

Kama kwako cha kwanza ni utulivu wa vyombo vya ulinzi na serikali kuu isiyoomba fedha, chagua mbili. Lakini usizikubali hivi hivi. Dai Akaunti ya Pamoja ifanye kazi na hesabu za Muungano zitenganishwe na za Bara, na dai kanuni ya kuzuia kura za Zanzibar kwenye mambo yasiyo ya Muungano. Mbili bila hayo ni kuahirisha ugomvi ule ule.

Kama wewe ni wa Zanzibar na unachotaka ni nafasi ya rais wako kwenye meza ya Muungano bila kuhatarisha biashara yako Kariakoo, Katiba Inayopendekezwa inakupa sehemu ya hilo. Isome mwenyewe, usisubiri kuhadithiwa.

Kama unaona, kama ninavyoona mimi, kwamba watu wa Bara wanastahili bunge lao na bajeti yao inayosomeka, na kwamba Mzanzibari anastahili mamlaka yaliyoandikwa badala ya yale ya kujadiliana kila mwaka, chagua tatu. Ndilo chaguo langu, kwa masharti mawili: forodha na ushuru wa bidhaa viwe vya Muungano kikatiba, vikusanywe na chombo chake bila kupitia kwa washirika, na Katiba ya Tanganyika iandikwe na kupigiwa kura pamoja na ile ya Shirikisho, isiachwe kuja baadaye. Sharti la kwanza likikataliwa, narudi kwenye mbili zilizorekebishwa, kwa kuwa serikali yenye jeshi na isiyo na mapato ni hatari ambayo sitaipigia kura kwa sababu ya kupenda jina la Tanganyika.

Halafu kuna suala la karatasi ya kura, ambalo vyama vyote vinalikwepa. Sheria ya Kura ya Maoni ya 2013 inataka zaidi ya nusu ya kura za Bara na zaidi ya nusu ya kura za Zanzibar, na hilo ni jema. Lakini mpiga kura anaulizwa swali moja kuhusu Katiba nzima, ndiyo au hapana. Haki za watoto, umri wa kugombea, ardhi, tume ya uchaguzi na muundo wa Muungano vyote vimo kwenye fungu moja, na anayekubali nusu hana pa kuisemea nusu nyingine. Mchakato ukianza tena, jambo la kudai mapema, kabla Bunge Maalum jingine halijaitishwa, ni kwamba muundo uulizwe peke yake na uulizwe kwanza, kwa kura ya siri, kila upande ukihesabiwa mbali, na waandishi wa rasimu wafungwe na jibu litakalotoka.